Hapana ya Kwanza

Jumatano, 1 Oktoba 1986

Leo ni tarehe mosi Oktoba, na ninaahidi kuandika humu kila kitu cha msimu huu, kizuri na kibaya, hata kile ambacho Mama angependa kisiandikwe.

Daftari nimepewa na Dada Winifrida. Amesema Kiswahili changu kimeanza kuchakaa kwa sababu Mama akinisemesha Kiswahili mimi namjibu Kiswidi, tena nikiwa nimemgeuzia mgongo. "Andika mpaka msimu uishe," alisema, "halafu uniletee nisahihishe kwa kalamu nyekundu. Lakini usiandike kama unaniandikia mimi. Niandike kama mtu tu uliyemwona." Nitajaribu.

Mimi ni Agripina, niko darasa la tisa. Tunakaa Rågsved, hapa Stockholm, Mama na mimi. Mama anafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Vällingby, upande wa pili kabisa wa mji. Baba alifariki nikiwa mdogo. Dada Winifrida si dada yangu wa tumbo moja. Ni mtu wa Bukoba kama Mama, na ni kocha msaidizi wa timu ya wanawake ya mpira wa kikapu katika chuo kimoja cha walimu wa michezo. Mwaka jana shule ilipotutoa kwenda kujifunza kazi, mimi nilikwenda kwake. Muda ulipokwisha sikuondoka. Sasa kwenye mechi nakaa mezani na kuandika pointi, na kwenye mazoezi naokota mipira.

Kocha mkuu ni Gunvor. Ana nywele fupi za mvi na sauti inayofika mpaka chumba cha kubadilishia nguo. Huku mwalimu unamwita kwa jina lake tu. Mama hajazoea. Anamwita "Madamu Gunvor".

Jumapili, 5 Oktoba

Dada Winifrida alikuja kula baada ya misa. Mama akamkaribisha chai.

"Hapana, dada, nimeshakunywa."

Mama akaendelea kupanga vikombe kama hakusikia. "Karibu chai, Winifrida."

"Haya, kidogo tu."

Akanywa vikombe vitatu na kumaliza maandazi. Kila Jumapili ni hivyo, na nisingeandika kama si mambo ya jana. Jana tulikwenda kucheza Södertälje. Kwenye basi Gunvor alipitisha kikapu cha mikate ya siagi na jibini. "Winifrida?" Dada akasema, "Hapana, asante." Kikapu kikapita. Wakati wa kurudi nilikuwa nimekaa karibu naye, nikasikia tumbo lake likilalamika.

"Dada, kwa nini hukuchukua?"

"Angenikaribisha tena ningechukua."

"Lakini hawakaribishi tena. Uko hapa mwaka wa nne!"

Akacheka, akafunika uso kwa kofia ya sufu. "Najua, Pina. Kichwa kinajua. Mdomo ndio haujajua."

Jumamosi, 18 Oktoba

Tumeshinda. Mvua.

Jumatano, 22 Oktoba

Mwalimu wetu ametaka tuandike insha juu ya mtu na kazi yake. Nilimuuliza Dada maswali akiwa anafagia ukumbi kabla ya mazoezi. Kufagia si kazi yake, lakini anasema hawezi kumfundisha mtu kukimbia juu ya vumbi.

Alianza na netiboli kwenye shule ya masista. Mpira wa kikapu aliukuta chuo cha ualimu Mwanza, ambako kikapu kilikuwa kimoja, na timu zote mbili zilifunga humo humo. Alipokwisha kufundisha miaka michache akapata nafasi ya mafunzo hapa Stockholm. Mafunzo yalipokwisha Gunvor akamwomba abaki kama msaidizi.

"Kocha msaidizi anafanya nini hasa?" niliuliza.

"Anaona. Halafu anamwambia kocha mkuu polepole, ili kocha mkuu aseme kwa sauti."

"Na wewe hutaki kusema kwa sauti?"

Akageuza ufagio, akaendelea na kona nyingine.

Nimemwona akifundisha. Anawatoa pembeni wale wenye magoti dhaifu, anawanyang'anya mpira, anawaambia waruke na kutua tu, miguu miwili, magoti yakilegea, kama mtu anayetua ndoo ya maji kutoka kichwani asimwage. Wasichana wa Kiswidi hawajawahi kubeba ndoo kichwani. Basi siku moja alileta ndoo. Ylva, ambaye ni nahodha, alilowa mpaka soksi, na tangu siku hiyo hajaumia goti tena.

Jumapili, 9 Novemba

Tumepoteza jana. Dakika za mwisho Dada alimwambia Gunvor sikioni amtoe Ylva apumzike. Gunvor hakusikia, kelele zilikuwa nyingi. Dada hakurudia. Ylva akapoteza mpira mara mbili.

Saa tisa mchana taa za barabarani zinawaka.

Jumatano, 26 Novemba

Leo Gunvor alikaa chini mazoezini. Sijawahi kumwona amekaa.

Jumamosi, 13 Desemba

Sikukuu ya mishumaa ya Waswidi. Wachezaji walivaa nguo nyeupe juu ya jezi, wakaimba katikati ya kiwanja kabla ya mechi. Gunvor alilia, na si mtu wa kulia. Nyumbani Mama aliponiuliza Gunvor amekonda kiasi gani, nikamwonyesha kwa mkono. Mama anawaona wagonjwa wengi wa namna hiyo kazini kwake.

Jumapili, 11 Januari 1987

Baridi ya wiki hii haijawahi kuonekana, hata wazee wa Mama wanasema hivyo. Ukivuta pumzi, matundu ya pua yanagandana. Treni zimekwama. Dada Winifrida alitembea sehemu ya njia kwenda kufungua ukumbi, akakuta wachezaji wanne, akawafundisha hao wanne.

Amerudi na kikohozi.

Jumatano, 14 Januari

Gunvor amelazwa. Ni saratani. Ylva alitangaza kwenye chumba cha nguo, akiwa ameshika kiatu kimoja. Wengine walilia. Dada Winifrida aliingia, akasimama mlangoni, akasema kwa Kiswidi chake cha taratibu, "Vaeni viatu. Gunvor akiuliza tulifanya nini leo, nitamwambia nini?"

Wakavaa.

Jumamosi, 31 Januari

Tumeshinda. Dada alikuwa peke yake kwenye benchi. Kwa mara ya kwanza nilisikia sauti yake ikifika mezani kwangu. Hakupayuka. Aliita jina tu, na aliyeitwa aligeuka.

Jumamosi, 7 Februari

Tumeshinda tena. Kikohozi chake hakijapona. Anakunywa maji ya moto na limau anayoletewa na Ylva kwenye chupa. Ylva hamuulizi kama anataka. Anamwekea mkononi.

Jumapili, 15 Februari

Leo nimeelewa jambo ambalo watu wazima walikuwa wakilizungumza juu ya kichwa changu.

Kibali cha Dada cha kukaa hapa kinakwisha mwezi wa Juni. Ili aongezewe lazima awe na kazi kamili, na nafasi ya msaidizi chuo kimesema itafutwa, kwa sababu wanapunguza. Kwa hiyo ama awe kocha mkuu, ama arudi nyumbani. Nyumbani kuna shule ya kufundisha, lakini hakuna timu, hakuna ukumbi, na mshahara wake wa hapa ndio unaomlisha mama yake na watoto wa marehemu kaka yake.

Mama alisema, "Watampa. Nani mwingine?"

Dada alisema, "Gunvor hajafa, dada. Tusigawane nguo zake."

Jumapili, 22 Februari

Gunvor ametoka hospitali. Alikuja ukumbini amefunga kitambaa kichwani, akawaambia wachezaji hatarudi kwenye benchi. Mkutano wa timu utakuwa Jumanne ya wiki ijayo. Chuo kimemwachia yeye na timu wachague. Akamtazama Dada Winifrida kwa muda mrefu. Kila mtu aliona.

Nilirudi nyumbani nikiruka vidimbwi vya barafu kama mtoto mdogo.

Jumapili, 1 Machi

Mjomba Severin alikuja kwetu amevaa shati na tai. Si mjomba wangu kweli, lakini Watanzania wote wa hapa wanamwita Mjomba au Kaka. Alikuja kusoma zamani, sasa ni mhandisi huko Kista, na jambo lolote zito linapitia kwake kwanza. Mimi nilikuwa namheshimu kuliko mtu yeyote. Anajua kuzungumza. Akianza sentensi unajua ataifikisha mwisho salama.

Alimweka Dada Winifrida mbele yake. "Jumanne watakuuliza. Utajibu vipi?"

"Nitasema nitajitahidi."

"Hapo hapo? Kama mtu aliyekuwa anasubiri mlangoni na sahani mkononi?" Akatikisa kichwa. "Yule mama ni mgonjwa. Kiti chake bado kina joto. Ukikirukia, watasema nini? Watasema Mwafrika alikuwa anamwombea kifo. Kataa kwanza, kwa heshima. Sema wapo wanaofaa zaidi. Watakuomba tena. Hapo ndipo utakubali, na hakuna atakayekunyooshea kidole maisha yako yote."

Mama akaitikia, "Kweli kabisa, kaka. Ndivyo mtu aliyelelewa anavyofanya."

Nikasema, "Lakini Mjomba, hawa hawaulizi..."

"Agripina," Mama akasema. "Watu wazima wanaongea."

Dada Winifrida alikuwa anaangalia chai yake. Alikuwa hajaigusa, na Mama alikuwa ameshamkaribisha mara mbili.

Jumanne, 3 Machi

Nimeahidi kuandika kila kitu. Naandika.

Mkutano ulikuwa kwenye chumba cha walimu, saa kumi na moja. Leo Waswidi wanakula maandazi fulani meupe yaliyojazwa malai, kabla ya mfungo ambao hawaufungi. Gunvor aliyaleta mwenyewe, ingawa ngazi zilimchosha. Tulikaa tukizunguka meza: wachezaji wote, Gunvor, Dada Winifrida, mimi, na Thomas anayefundisha timu ya wavulana, kwa sababu alitakiwa azungumzie ratiba ya ukumbi.

Sinia lilizunguka. "Winifrida?"

"Hapana, asante."

Sinia likapita.

Gunvor alizungumza juu ya mechi ya mwisho, na juu ya ufunguo uliopotea. Kisha akaweka mikono yote miwili mezani.

"Sote tunajua ninachotaka kuuliza," alisema. "Winifrida. Je, ungependa kuichukua timu?"

Ylva alikuwa ameshaanza kutabasamu. Wengine walikuwa wameinua mikono tayari kupiga makofi. Dada Winifrida alitazama viganja vyake. Alikohoa kidogo. Akasema, kwa Kiswidi safi kuliko nilivyowahi kumsikia akikisema:

"Hapana. Ninashukuru sana kwa kuulizwa. Lakini nafikiri wapo wanaofaa kuliko mimi."

Mikono ikabaki hewani. Nilimtazama Gunvor mdomoni. Nilikuwa nasubiri maneno mawili tu, *una hakika*, au hata jina lake tu, liitwe mara ya pili. Maneno ya kuwaeleza nilikuwa nayo yote, kwa lugha yao, yamepangana kooni. Lakini nilikuwa mtoto kati ya watu wazima, na jambo halikuwa langu.

Gunvor alipauka usoni. "Basi," alisema. "Inaniuma, sitaficha. Lakini naliheshimu jibu lako. Asante kwa kusema wazi."

Ylva akauliza sasa itakuwaje. Gunvor akasema timu haiwezi kukaa bila mtu. Akatazama mezani kama mtu anayetafuta miwani yake, macho yakamfikia kijana mwenye ratiba mkononi.

"Thomas? Ungeweza?"

"Mimi?" Masikio yake yalikuwa mekundu. "Ndiyo. Kwa furaha. Ndiyo, kwa kweli."

Dada Winifrida ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Baadaye alikusanya vikombe akaviosha. Kituoni theluji ilikuwa inaanguka pembeni pembeni. Nilisubiri aseme kitu. Treni ilipoonekana akaniuliza kama nimemaliza kazi ya hesabu.

Jumatano, 4 Machi

Majivu. Padri alimpaka Dada kipajini, yakamwangukia kwenye kope. Hakuyafuta.

Jumapili, 8 Machi

Leo nyumba yetu ilikuwa na kelele, na sijui kama ni vizuri kuandika kwamba nilifurahi.

Mjomba Severin alikuwa anaeleza jinsi Waswidi walivyokosa adabu, kwamba hata mbwa huitwa mara mbili. Namubiru akaingia, hajavua koti. Namubiru ni Mganda, anauza tiketi kwenye kituo cha treni, alikuja hapa akikimbia wakati wa Amin. Ni rafiki wa Dada Winifrida, na hamwogopi mtu.

"Nani alimwambia Winnie akatae?" aliuliza. "Mimi natafuta huyo mtu tu. Nimpe mkono."

Mama akasema, "Karibu ukae, Namubiru."

"Nimekaa. Ni nani?"

"Nilimshauri mimi," alisema Mjomba Severin. "Kwa heshima yake mwenyewe."

"Eh! Ssebo, bwana mkubwa, nikuulize kitu. Ile kazi yako ya Kista. Walipokupigia simu wakakuuliza unaitaka, wewe ulikataa kwanza?"

Mjomba alifungua mdomo.

"Usinidanganye, mimi nilikuwa nakaa kwa rafiki yetu Milly wakati ule, na simu uliyopokea ilikuwa ya kwake. Ulisema ndiyo mpaka watoto wakaamka! Ulisema ndiyo kabla hawajataja ni kazi gani!"

"Mimi ni mwanamume," alisema Mjomba. "Na hakukuwa na mgonjwa."

"Banange, jamani. Basi heshima umemwachia yeye peke yake abebe."

"Heshima..." Mjomba alianza, akaangalia tai yake. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona ameanza sentensi akashindwa kuimaliza. Mama alikuwa anapangusa mahali palipokuwa safi.

Namubiru akamgeukia Dada Winifrida. "Kesho nenda. Sema umefikiri, unaitaka. Hawa watu hawana neno. Utasema, watakubali, mtakunywa kahawa."

"Nirudi kuomba nilichokataa?" Dada alisema. "Na yule kijana nimwambie nini? Ameshanunua filimbi."

"Filimbi! Atawapulizia wavulana!"

Dada akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Lakini hakusema atakwenda.

Jumatano, 11 Machi

Sikwenda shule baada ya chakula cha mchana. Nilipanda treni mpaka Vällingby. Mama asubuhi alikuwa amenituma nimpelekee funguo kazini kwake, kwa hiyo sikudanganya, nilipitiliza tu. Gunvor anakaa nyuma ya maduka. Alinifungulia amevaa sweta mbili.

Nilimweleza. Nilieleza chai na maandazi, na jinsi Dada anavyokubali mara ya pili, na mikate ya kwenye basi aliyokosa. Nilisema hapana yake haikuwa hapana. Ilikuwa mlango wa mbele tu, ambao mgeni haingii nao akikimbia.

Gunvor alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Winifrida amekutuma?"

"Hapana."

"Anajua uko hapa?"

"Hapana."

Alishika kitambaa chake cha kichwa. "Agripina, nitakuambia kitu. Nimefundisha wasichana tangu enzi ambazo wanaume walituazima ukumbi wakimaliza wao. Maisha yangu yote nimekuwa nawaambia wanaume jambo moja: mwanamke akisema hapana, ni hapana. Usimshike mkono ukamuuliza tena. Usimfasirie. Mtu mzima amesema, umesikia, basi." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Sasa unataka mimi, kwa huyu, nifanye kama nimesikia kitu kingine? Kwa sababu anatoka mbali?"

Nilikuwa nimekuja nikiamini kwamba nikieleza vizuri, kwa sarufi nzuri, mambo yatanyooka.

"Lakini akija mwenyewe," alisema, "au akipiga simu, ni jambo jingine. Chuo kinatia sahihi mkataba wa Thomas Ijumaa jioni. Nitakuwa nyumbani siku nzima. Mwambie hivyo. Usimwambie zaidi ya hivyo."

Nilimwambia Dada jioni, ukumbini. Hakukasirika. Alinirekebisha kola ya koti.

"Umekwenda mpaka Vällingby?"

"Utapiga?"

"Ijumaa ni keshokutwa, Pina."

Ijumaa, 13 Machi

Nilitoka shule nikakimbia kituoni, nikamwona. Alikuwa kwenye kibanda cha simu cha Rågsved, amenipa mgongo, mkonga wa simu uko sikioni. Vioo vilikuwa na ukungu. Nilisimama nyuma ya ubao wa matangazo nisimwingilie, nikasali Salamu Maria, nikaanza nyingine.

Alipotoka nilimfuata. "Dada? Amesema nini?"

"Hakuna aliyepokea," alisema. "Imelia, imelia, basi."

"Labda alikuwa amelala. Piga tena!"

"Nimepiga tena." Akanishika bega, tukapanda mlima pamoja. Theluji ya pembeni ilikuwa nyeusi kwa moshi wa magari.

Nilimchukia Gunvor mbele za Mungu. Alisema atakuwa nyumbani siku nzima.

Jumamosi, 14 Machi

Mechi ya mwisho. Tumepoteza. Thomas alikaa benchi karibu na Dada, anaandika kila anachosema. Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya.

Dakika ya mwisho Ylva aliruka katikati ya watu watatu, akatua kwa miguu miwili, magoti yamelegea, hakumwaga kitu. Mpira haukuingia. Dada Winifrida alisimama akampigia makofi peke yake, ukumbi mzima kimya.

Jumatano, 1 Aprili

Barafu juu ya maji imepasuka. Dada hangoji mpaka Juni, anagawa vyombo vyake. Sisi tumepata sufuria na ile ndoo.

Jumapili, 19 Aprili

Pasaka. Mama alimkaribisha Dada chai. Dada akasema, "Ndiyo, asante." Mara ya kwanza tu. Mama alibaki ameshika birika, hajui aifanyie nini sehemu iliyobaki ya maneno.

Jumamosi, 25 Aprili

Arlanda. Kwenye uwanja wa ndege Mjomba Severin alibeba masanduku yote mawili ya Dada na hakutaka kusaidiwa, ingawa anahema. Hakuvaa tai. Kwa miezi hii nilikuwa nimekwisha kumfanya mtu mwovu kichwani mwangu, lakini leo niliona mzee tu mwenye shingo nyembamba, ambaye alitoa kitu kizuri kuliko vyote alivyonavyo, na kikamchoma yule aliyepewa. Alimwambia Dada, "Nisamehe, mama." Dada akasema, "Ulinifundisha vizuri, kaka," na sikuelewa kama alikuwa anamfariji au anamwadhibu.

Namubiru alinunua andazi la mdalasini, akalinyoosha. "Utakula?"

"Hapana, Nam, nimeshiba."

Namubiru akalirudisha haraka, akalificha nyuma. "Nimeuliza mara moja!"

Dada Winifrida akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi, mpaka watu wa foleni wakageuka, na bado anacheka akanyoosha mkono juu ya bega la Namubiru, akalinyakua andazi, akaling'ata. Akapita mlangoni anatafuna. Hakugeuka.

Jumatano, 6 Mei

Ningefunga daftari pale Arlanda. Lakini niliahidi msimu mzima, na msimu umeisha leo, walipokusanya jezi.

Thomas aliniuliza kama msimu ujao ningependa kumsaidia na wasichana wadogo, wa darasa la nne, Jumatano alasiri. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza. Nilisikia sauti yangu ikirudi kutoka kwenye ukuta. Nyumbani nilipomwambia Mama, aliniuliza kwanza, "Alikuomba mara ngapi?" Nikasema moja. Akaendelea kumenya ndizi. Baadaye akasema, kwa sauti ya chini, "Basi umefanya vizuri," lakini hakunitazama.

Gunvor alikuja kurudisha jezi yake ya zamani. Nywele zimeanza kuota, laini kama za kifaranga. Nilikuwa nimeapa sitamsalimia. Yeye ndiye aliyenijia.

"Nilikaa karibu na simu Ijumaa ile yote," alisema. "Nilihamishia kiti pale pale. Hata chooni niliacha mlango wazi. Haikulia, Agripina. Nilitaka ujue kwamba nilisubiri."

Nilijua hasemi uongo. Hajui kusema uongo, ndiyo shida yake.

Sasa, Dada Winifrida, siandiki tena kama mtu asiyekujua. Nimekaa jikoni, ndoo yako iko miguuni pangu. Kesho daftari hili nitalipeleka posta Rågsved, lije Bukoba, kwa sababu ulisema utalisahihisha. Sahihisha kila kitu, weka wekundu popote unapotaka. Lakini kabla ya hapo nijibu jambo moja, kwa posta ya kurudi, hata kwa mstari mmoja, maana nimemchukia mama mgonjwa kwa ajili ya jambo hilo, na nimemdharau mzee, na mwezi Agosti nitasimama mbele ya watoto kumi na wawili nikiwafundisha kutua.

Nilimwambia Gunvor kwamba hapana yako haikuwa hapana. Nilimwapia. Ulikuwa umechoka, ulikuwa unakohoa tangu Januari, miaka yote ulisema polepole ili mwingine aseme kwa sauti, na siku ile ulisema kwa sauti, kwa Kiswidi kisicho na kosa. Halafu ukasimama kwenye kibanda na mkonga sikioni.

Dada, ulizungusha namba?